Paneli za zege: ule mwanya usiuzibe kwa saruji

SWALI: Injinia, habari za kazi. Mi nasomea ujenzi, chuoni kwetu kuna jengo jipya limevikwa paneli kubwa za zege kwa nje, na kati ya paneli na paneli kuna mwanya wa kama sm 2 umejazwa kitu laini kama raba. Sasa kuna sehemu imechanika, fundi anasema atakoroga saruji azibe ndo itakuwa imara zaidi. Yuko sahihi? Na ile michirizi myeupe chini ya madirisha ni nini?

JIBU: Hapana, mzuieni kabla hajakoroga hiyo saruji.

Kwanza elewa kwamba paneli za aina hiyo mara nyingi hazibebi jengo, zinabebwa. Mzigo wa jengo uko kwenye nguzo, boriti na slabu (sakafu ya zege ya kila ghorofa), paneli zenyewe zimeshikizwa tu kwa nje. Na ni nzito kweli, zege mita moja ya ujazo ina kama kilo 2400, kwa hiyo paneli ya unene wa sm 15 yenye mita 6 kwa 3 inakaribia tani 6 na nusu. Huo uzito wote kwa kawaida unakalia sehemu 2 tu, makusudi, maana ukiweka 3 halafu slabu ikapinda kidogo hujui tena mzigo umehamia wapi. Vishikizo vingine kazi yao ni kuizuia isiangukie nje, na matundu yake ya bolti yanatobolewa marefu ili paneli ipate nafasi ya kucheza.

Na inacheza kweli! Zege ya mita 6 ikitoka kwenye ubaridi ikapanda nyuzi 40 kwa jua inarefuka kama milimita 2 na nusu, hapo hujaongeza jengo kuyumba kwa upepo, slabu kupinda, na paneli zenyewe kutofautiana vipimo kidogo zikitoka kiwandani. Ule mwanya ndo unameza hayo yote. Ukiujaza saruji paneli zinaanza kusukumana, kona zinabanduka vipande, na nguvu inaenda kwenye bolti ambazo hazikupigiwa hesabu hiyo, na kitu cha tani 6 kikilegea juu ya njia wanayopita wanafunzi mi sitaki hata kufikiria.

Dawa yake ni kukata ile raba ya zamani yote, kusafisha kingo mpaka zege safi na kavu, kupaka praima (dawa ya kusaidia kushika) kama silikoni, yaani raba mpya ya kuzibia, inahitaji, halafu unasukuma ndani kamba ya sponji ndo unajaza silikoni juu yake. Kina kiwe kama nusu ya upana, mwanya wa mm 20 weka mm 10. Hiyo sponji wengi wanairuka wakidhani ni ya kupunguza gharama, kumbe inafanya silikoni ishike kingo 2 tu, maana ikishika na nyuma ya mwanya pia haiwezi kuvutika, inachanika, na sitashangaa kama yenu ilichanika kwa sababu hiyo. Angalia pia kama kuna vitundu vya kutolea maji chini ya maungio, hivyo visizibwe.

Michirizi myeupe ni chokaa. Maji yanapita ndani ya zege yanatoka na chokaa ya saruji, ikikutana na hewa ya kaboni inaganda. Kuisugua tu haisaidii, tafuta maji yanaingilia wapi, chini ya dirisha mara nyingi kizingiti hakina mfereji mdogo upande wa chini wa kudondoshea maji mbali na ukuta, basi yanatambaa kwenye paneli.

Ila ukiona mchirizi wa kahawia hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa kutu ya nondo iliyokaa karibu mno na uso au ya vishikizo vyenyewe. Hapo silikoni haihusiki, aitwe injinia akague vishikizo, na watu wasipite chini yake mpaka amalize.