Umeniuliza kama Lee alimpenda Cross

Assalaam alaykum mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo, baba yako naye mguu umepungua kumuuma. Kitabu ulichonipa, ile riwaya ya Prep, nimekimaliza, na sura moja nimeirudia. Swali lako lilikuwa fupi: huyu msichana Lee Fiora alimpenda kijana wa skuli yake, Cross Sugarman, kweli, au alitaka tu kuwa mtu anayependwa na Cross? Ukasema mmebishana nalo walimu ofisini hadi kengele ikalia na hakuna aliyemridhisha mwenziwe.

Naona alimpenda mwanzoni. Baadaye alimgeuza hakimu, na hakimu hapendwi, anasubiriwa hukumu. Lakini nimekaa na kitabu hiki nikaona kuna swali jengine ambalo hamkulibishania, na ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu.

Nianze na dakhalia, maana huko ndiko nilikomjua Lee kabla sijamsoma. Curtis Sittenfeld kaitoa riwaya yake Prep mwaka 2005, na Ault anakosoma Lee ni skuli ya kubuni huko Massachusetts, lakini mimi miaka yangu ya ulezi wa dakhalia nimempokea Lee kila unapofunguliwa mwaka. Anatoka Kojani, anatoka Makangale, kijijini kwao ndiye wa kwanza darasani tangu alipoanza kusoma, mwalimu akiuliza mkono wake uko juu. Anafika kwetu na sanduku lake na godoro, anakuta chumba kizima ni cha waliokuwa wa kwanza. Na juu ya hayo, wa mjini wanamcheka anavyotamka. Wiki ya pili hanyanyui tena mkono. Si kwamba akili imepungua. Kapiga hesabu kwamba kunyamaza kuna hasara ndogo kuliko kuchekwa.

Lee ndivyo alivyo. Kwao ni South Bend, Indiana, baba yake anauza magodoro, na ni yeye mwenyewe, mtoto wa miaka 14, aliyetaka kwenda dakhalia mbali na akapata ufadhili. Watu husahau hilo. Hakupelekwa, alikwenda. Akaifuata ndoto yake kwa miguu yake, kisha akakaa ndani yake miaka minne kama mgeni anayeogopa kuvunja kikombe. Anajua nani anakaa na nani, nani katoka ukoo gani, nani kavaa nini, na yeye mwenyewe hataki aonekane. Wakati huohuo anaumia kwamba haonekani. Msomaji asiyewahi kujiona duni atamchoka haraka, na nadhani ndio maana mwalimu mwenzako kasema msichana huyu anakera. Anakera, ni kweli. Mtu anayejidharau anachosha, kwa sababu kila unalomwambia analipima kwanza kama lina tusi ndani yake.

Pale kwenye kukata nywele palinigusa sana. Lee anagundua kwamba anajua kukata nywele, basi wanafunzi wanamjia, hata wale wakubwa wasiomsalimu, na yeye anawakata bila malipo. Akiwa na mkasi mkononi anatulia, kwa sababu ana kazi ya kufanya na hana haja ya kujieleza. Nimewaona wasusi wa dakhalia zetu wa namna hiyohiyo. Alkhamisi jioni wanapangiana foleni mbele yake, kila mtu anamwita shoga, shoga. Akishamaliza kichwa cha mwisho, wenziwe wameshakaa kundi lao uani na hakuna aliyemwekea nafasi. Mikono yake inapendwa, mwenyewe hajulikani. Ukiwa mwalimu wa zamu, mwangalie msusi anakula na nani.

Sasa Cross. Mwaka wa kwanza, siku ya mapumziko ya ghafla, Lee anakwenda kutoboa masikio, anazimia, na Cross yupo pale na anamshughulikia kwa upole. Hapo naamini palikuwa na mapenzi, ya kitoto, safi. Mtu kakuona uko chini na hakukucheka, utamsahau vipi? Halafu miaka inapita hamna kitu, yeye kijana anayependwa na skuli nzima, na huyu anamtizama kwa mbali. Mwaka wa mwisho ndio anaanza kumjia chumbani usiku, kwa siri. Mchana anampita.

Nilipofika hapo nilikasirika, mwanangu, na kijana wa aina hiyo huku kwetu anajulikana na jina lake linajulikana. Lakini mwandishi ni mkweli kuliko hasira yangu. Anaonesha kwamba ni Lee mwenyewe aliyetangulia kuitaka siri. Hakuomba kusalimiwa, hakuomba kukaa naye mezani, alijitangazia bei ya chini kabla hajaulizwa, na Cross akalipa bei ile. Simtetei. Mtu muungwana angeona. Ila wanafunzi wako wa kike wakisoma wakamaliza kwa kumlaani Cross tu, watakuwa wamekosa nusu ya kitabu.

Na hapa ndipo ninapojibu swali lako sawasawa. Usiku mmoja wa Cross ulikuwa kwa Lee cheti kwamba naye ni mtu. Ndio maana hakumuuliza chochote, hakumjua anapenda nini wala anaogopa nini. Utasoma kurasa kadhaa za mawazo yake juu ya Cross na ukifunga kitabu hujui Cross ni mtu gani. Anayependa hudadisi. Lee alikuwa akijisomea mwenyewe kwenye uso wa mwengine.

Kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba hakuwa na pa kuyasemea. Sisi tuna taarabu. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na muda wote huo mwanamke aliyependa asipendwe ameweza kunyanyuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwenye ule mstari unaomsemea, mbele ya ukumbi, bila ya kutaja jina la mtu, na waliomo wakafahamu. Maumivu yake yanapata heshima. Lee kayafungia kifuani miaka minne, na siku mwandishi wa gazeti la New York Times alipokuja skuli akamsikiliza kwa makini, akamwaga yote, juu ya skuli, juu ya matajiri na ufadhili. Yakachapishwa, skuli nzima ikamgeukia. Watu walimwona msaliti. Mimi niliona mtoto aliyekosa sikio hadi akampa mpita njia.

Lakini kukosa sikio pia si kweli kabisa, na ndilo lile swali jengine nililotaka. Sikio lilikuwepo chumbani mwake. Martha Porter alilala kitanda cha pili, akamsikiliza, akamfundisha, akamvumilia. Martha alipopendekezwa awe kiongozi wa wanafunzi, Lee, rafiki yake wa karibu kuliko wote, hakuamini kama atashinda, na Martha akaling'amua hilo. Alishinda. Baadaye Lee alipotaka kujua kama Cross atakuja kuwa wake hadharani, Martha akamwambia ukweli kwamba haoni hivyo, na Lee akaumia kana kwamba kapigwa. Tizama: anayemdanganya kwa kunyamaza anasubiriwa usiku kucha, anayemwambia kweli anawekewa kinyongo.

Na juu ya Martha wapo wazazi. Sura niliyoirudia ni ile ya wazazi kuja kutembelea. Wamesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa gari kumwona mtoto wao, na mtoto anawaonea haya tangu wanateremka: baba anavyofanya mzaha na watu asiowajua, mama anavyozungumza. Wanagombana, na baba anampiga kofi. Kofi lile silitetei, na wewe unajua nyumba yetu. Lakini nimesoma sura ile nikiwa upande wa wale wawili wenye nguo zao za safari. Mnabishana ofisini kama Lee alimpenda Cross. Mapenzi yasiyorudishwa katika kitabu hiki ni ya mama yake.

Siku za kutembelewa nilikuwa nikisimama pale getini. Wanakuja kina mama kwa gari la abiria, msimu wa karafuu buibui zinanukia karafuu, mkononi pakacha la maembe, mkate wa kumimina, changu wa kukaanga kafungwa kwenye karatasi. Wapo watoto wanaokimbia. Na wapo wanaomtuma mdogo akapokee pakacha, wenyewe wako nyuma ya mlango kwa sababu mama kaja na kandambili. Mama anaambiwa mwanao anajisomea. Anafurahi, anasema mwacheni asome. Sijui idadi ya mama niliowapeleka kivulini nikawapa maji huku nikimtafuta binti yao.

Wewe uliposoma dakhalia Unguja, nilikuja siku moja nimeshuka melini nimetapika njia nzima, mtandio umekunjamana. Ulikuwa umekaa na wale wenzio wa mjini. Ukanyanyuka ukanikimbilia, ukaniita mama kwa sauti, ukanivua mkoba begani. Sikukwambia wakati ule lilivyoniingia jambo lile. Nakwambia sasa kwa sababu kitabu chako kimenikumbusha kwamba haikuwa lazima.

Kuhusu kama uwape wanafunzi: kidato cha kwanza na cha pili hapana, sehemu ya mwisho ina mambo ya chumbani waziwazi, na wazazi watakujia juu kwa haki. Cha tano na cha sita wape, lakini soma nao sura ya wazazi peke yake kwanza, kabla hawajasikia habari za Cross, maana wakishamsikia hawatosikia kitu chengine. Halafu waandike, kurasa mbili, usiku ule baada ya ugomvi kama anavyousimulia mama yake Lee, kwa maneno yake. Usiwaambie waandike nini. Watakaoandika kwamba mama alikasirika tu warejeshee madaftari, wajaribu tena. Na zile zitakazokupendeza niletee ukija Idi nizisome, na mwambie baba yako mapema tarehe ya meli ili apange mtu wa kukupokea Mkoani.

Wasalaam,
Mamako