Barua kwa mwanangu: Jumamosi yenu ya Tanga

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza nikairudia tena asubuhi. Unasema mnakuja wewe na mkeo, mna Jumamosi moja tu kabla hamjarudi kazini Mbeya, na unauliza ukodi gari au vipi manake Tanga yenyewe ndogo, masaa mawili mtakua mshaimaliza alafu mbaki mnaangaliana. Usikodi. Tembeeni kwa miguu kutwa nzima, nyie wawili tu, mimi wala baba yako hatuwafuati. Tanga inaisha masaa mawili kwa mtu aliekaa ndani ya gari kafunga vioo, ukitembea na mwenzio polepole haiishi, sisi tumezeekea hapa na mpaka leo tukitoka asubuhi kwenda sokoni tunarudi jua limezama na kitu tulichofata hatujakinunua.

Na kabla sijataja mtaa wowote kuna jambo nataka nikwambie wazi. Wewe umezaliwa hapa, yeye hajazaliwa hapa. Nakujua mwanangu, utamshika mkono hapa ndo nilisoma, pale ndo niling'oka jino, twende, twende, umtembeze kama mgeni wa serikali. Usifanye hivo. Mwache yeye ndo aamue pa kusimama. Akisimama kwenye duka la vitenge na wewe simama, akiuliza kitu ambacho kwako ni cha kawaida mno mjibu vizuri, akitaka kukaa kaeni hata kama hapo mahali hapana cha maana kwako. Mimi na baba yako ndo tunavyokwenda hivo, yeye akiona watu wanakunywa kahawa lazima akae, mimi nikiona samaki lazima niulize bei hata kama sinunui, na kila mmoja anamsubiri mwenzie bila kununa. Ilituchukua muda kuzoeana, mwanzoni baba yako alikua anatangulia hatua ishirini mbele yangu, lakini tulizoeana.

Sasa cha kwanza angalia mwezi. Huyu binti kakulia milimani, bahari kaiona kwenye picha, hajui kwamba inaondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi hivi alasiri, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwaio Jumamosi yenu ikiangukia kwenye bamvua mmepata bahati kubwa, saa nne asubuhi maji yatakua yamekupwa kabisa, ataona mchanga mpaka mbali na madau yamelala ubavu na kaa wanakimbia, na alasiri mkifika ufukweni Raskazone maji hayohayo yatakua yamejaa pomoni mnaogelea. Nataka aone yote mawili siku moja. Mtu alieona maji yakiwa yamejaa tu hajaiona bahari ya kwetu.

Anzeni mapema, saa kumi na mbili na nusu muwe mshatoka. Mnakuja Julai, kusi linavuma, hali ya hewa nzuri, sisi huku tunajifunika yeye atatuona wa ajabu. Ingekua Januari au Februari ningewaambia mchana msikanyage nje kabisa.

Chai mnywe Ngamiani, nisikie mmekunywa hotelini nitasikitika. Mahamri ya moto na mbaazi za nazi, kwenye kibaraza chochote utakachoona wanawake wamekaa na masufuria na watu wanakula wamesimama, hapo ndo pazuri. Alafu tembeeni tu humohumo ndani, mitaa ya Ngamiani imenyooka na ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka inapita ishirini, hata mkitaka kupotea hampotei. Mwambie mkeo aangalie milango na zile nyumba za zamani za mabati zenye baraza mbele, na watu wanaosalimia. Atasalimiwa sana, na aitikie wote, asipite kimya, watu wa huku ukipita kimya wanajiuliza una nini. Mwambie na habari za taarab ya humo mitaani, Black Star na Lucky Star, vijana wa Tanga walioingiza gitaa la besi na mdundo wa kucheza kwenye taarab wakati kwingine watu bado wanakaa kwenye viti kimya wanasikiliza. Shangazi yako mkubwa akianza hadithi za madansa ya wakati ule hanyamazi, mkimkuta mlangoni mpeni muda wake.

Mkimaliza Ngamiani mtavuka reli kuingia mjini. Pale kwenye reli msipite mbio. Wajerumani walianza kuijenga 1893 hapahapa Tanga, ikaenda kwa kusuasua ikafika Moshi 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 ndo yule Mjerumani Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, inasemekana iliondoka elfu moja ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 ndo mashamba yote haya yakatokea. Babu yako mzaa baba alitoka Kigoma akaja huku kama manamba kukata mkonge, mikono yake nilikuta imejaa makovu ya ile miiba. Asingekuja huyo, baba yako asingekua wa hapa, na wewe nisingekua nakuandikia leo. Haya mweleze mkeo, ni mambo ya ukoo alioolewa, ana haki ya kuyajua, na ukimwelezea mkiwa mmesimama palepale kwenye reli yanamwingia kuliko ukimwambia mkiwa Mbeya.

Mjini kwenyewe ni padogo kweli. Mtaa wa Soko una maduka, soko lina matunda na viungo, majengo mengi ni ya enzi za Mjerumani na Mwingereza, mengine yametunzwa mengine yameachwa yanaanguka na roho inaniuma kila nikipita. Yale ya mbao yenye roshani juu ndo yananiuma zaidi, likianguka moja hakuna anaejenga tena vile. Ingieni Boma ya zamani, sasa hivi ni makumbusho ya Urithi, mna picha za zamani za mji, mtaona mtaa mliotoka kuupita muda sio mrefu ulivyokua enzi za baba wa babu zetu. Ndani hapachukui muda lakini kaeni muulize maswali, wanapenda kuulizwa.

Alafu bustani ya Jamhuri, pale penye mnara wa saa. Tafuteni benchi linaloangalia bandari. Baba yako pale anaweza kukaa mpaka adhana ya adhuhuri, alivyofanya kazi bandarini miaka yote ile bado hajamalizana nayo. Atakwambia (na wewe mwambie mkeo) kwamba zamani meli kubwa zilikua zinatia nanga huko katikati ya ghuba, mizigo inashushwa kwenye matishari ndo inaletwa nchi kavu, kazi ya kuumiza mgongo na hatari kukiwa na mawimbi, sasa wamechimba kina kimefika mita 13 na meli inakuja yenyewe inafunga gatini. Upande wa pili kule kwa mbali ni Chongoleani, ndo linapoishia lile bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443. Na kile kisiwa kidogo cha karibu ni Toten, kina magofu ya msikiti na makaburi ya watu wa kale, msihangaike kukivukia siku hiyo muda hautatosha, kiangalieni tu.

Kama mkeo ana hamu ya samaki, soko la samaki la Deep Sea liwekeni asubuhi kabla ya yote haya, boti zikiwa zinaingia. Hapo mwache akae anavyotaka. Kelele, harufu, mnada, mtu anashika nguru kwa mkia anataja bei, mwingine anakataa anaondoka anarudi. Muulizeni mvuvi yeyote mtu mzima habari za silikanti. Huyo ni samaki wataalamu walidhani alishatoweka duniani mamilioni ya miaka, mpaka 1938 akavuliwa mmoja kule Afrika Kusini, alafu miaka hii ya 2000 wavuvi wa huku kwetu wakaanza kumkuta kwenye majarife waliyotegea papa, na 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Watu wa Tanga hatulisemi vya kutosha hili, ningekua na uwezo ningelichora kwenye kila ukuta.

Mchana msilazimishe. Kuleni wali wa nazi na changu wa kukaanga popote mtakapopenda alafu rudini nyumbani mlale, chumba chako kina chandarua kipya. Wewe utataka kuunganisha, utasema ah tuko vizuri tuendelee. Muulize yeye kwanza. Mtu mgeni kwenye joto anachoka na hasemi kwa sababu anaogopa kukuharibia, nilimuona hivohivo kwenye harusi, kasimama na viatu vile virefu mpaka mwisho na tabasamu lake.

Saa tisa na nusu shikeni njia ya Bombo. Hii ndo naipenda kuliko zote, miti mikubwa pande zote na bahari inaonekana vipande vipande kushoto kwenu, kutoka mjini mpaka Raskazone ni kama kilomita tatu hivi, mwendo wa kuongea. Mtapita hospitali ya Bombo, lile jengo la zamani la Mjerumani linaloangalia bahari bado limesimama. Kuna na makaburi ya vita ya Waingereza, ingieni kidogo. Novemba 1914, vita kuu ya kwanza, walishuka na meli Raskazone kama askari 8,000, wengi wao wametolewa India, hawaijui nchi hii wala hawajui kilichowaleta, upande wa pili kulikua na watu kama 1,000 tu chini ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na wengi wao ni askari wetu Waafrika, walioletwa na treni kutoka Moshi kwa reli ileile mliyoivuka asubuhi. Wale wengi wakashindwa, nyuki nao wakatoka kwenye mizinga wakawauma wote bila kuchagua, Waingereza wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi 600,000. Watu wakisimulia hii habari wanacheka sababu ya nyuki. Mimi pale makaburini sijawahi kucheka, nawafikiria mama zao huko India waliokua wanasubiri barua.

Raskazone kuna klabu ya kuogelea, unalipa kiingilio kidogo, sehemu ya kubadilishia nguo ipo na ngazi za kushukia majini zipo. Mkeo kama hajui kuogelea akae kwenye ngazi maji yamfike magotini, na wewe ukae nae, usimwache pale ukaenda mbali kujionesha kwa vijana wenzio. Nakuomba sana kwenye hili. Mna miaka miwili ya ndoa, mmoja yuko ofisini mpaka usiku, mwingine ana zamu, ukaniambia mwenyewe siku ile kwamba mnaongea kwa meseji mkiwa nyumba moja. Nilinyamaza kwa sababu baba yako alikua karibu lakini sikulala vizuri. Ndo mana sitaki gari. Kwenye gari mmoja anaangalia barabara na mwingine anaangalia simu, mkitembea hamna pa kuangalia ila mnapokwenda na mlie nae, na maneno yaliyokwama yanatoka yenyewe bila mtu kuitisha kikao. Sijui mna maneno gani, wala sitauliza.

Kurudi mkichoka pandeni bajaji mpaka Ngamiani, hapo naruhusu. Usiku kuna mihogo ya kukaanga na chachandu, kuna mishikaki, na kuna kahawa chungu na kashata. Baba yako mtamkuta palepale anapokaa siku zote anabishana habari za timu yake ya mpira Coastal Union na ubingwa wa 1988, na yule jirani yake wa African Sports anamjibu. Msimuamkie mkapita, kaeni nae mnywe hata kikombe kimoja, atafurahi kumuonesha mkwewe kwa wenzie, hatasema lakini atafurahi.

Mwambie mkeo avae viatu vya chini vilivyozoea mguu, achukue na mtandio, kuna mitaa atajisikia vizuri zaidi akiwa nao begani. Mkifika stendi ya Kange nipigieni nijue mko njiani. Na nijibu mapema, leo ikiwezekana, huyu mkwe wangu anakula pweza au hali? Kuna mtu nataka nimwambie aniwekee, na akikosa kuambiwa kabla ya Alhamisi anawapa wa hotelini wote.

Mama