Mashine ya Kufulia Imeoza Kitako? Kata Mpaka Ufike Chuma Kizima

Juma lililopita dada mmoja wa Malindi aliniandikia: "Kakangu, mashine ya kufulia niliyoachiwa na marehemu mama imeliwa na kutu chini. Fundi ameiinamia dakika mbili tu, akaniambia niiuze kwa kilo. Nawe wasemaje?" Nilikuwa kazini, na chai yangu ikapoa mezani. Maneno hayo hayo, "iuze kwa kilo", niliwahi kuambiwa mimi, mamangu akiwa amesimama kando yangu.

Yetu ni Hoovermatic ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Ami yangu alikuwa baharia, akaishusha Kilindini mwaka 1978. Hapa Majengo imefua nguo za watoto saba na nepi za kila jirani aliyejifungua. Mashine hizi zilitengenezwa Merthyr Tydfil, kule Wales, katika kiwanda kilichofunguliwa 1948 na kuacha kazi 2009. Kwa hiyo kitako kipya hutakipata dukani. Kikioza, kilichobaki ni mikono yako na moto wa kuchomelea.

Ukikaa kisiwani Mombasa, kutu inakujia kutoka pande mbili: upepo wa bahari, na maji ya kisima yenye chumvi. Lakini adui yetu mkubwa alikuwa amejificha. Chini ya mashine bati limekunjwa ukingoni ili lipate nguvu, na ndani ya mkunjo ule maji ya sabuni yalikuwa yakituama miaka nenda miaka rudi. Nilipoilaza ubavu nilikuta tope la kijivu limekauka kama saruji, na ndani yake vifungo vitatu, pini ya nywele na sarafu ya shilingi. Matundu ya kutolea maji yote yameziba. Nilipolibandua kwa bisibisi, chuma nacho kikaja, tabaka juu ya tabaka kama chapati ya kusukuma.

Kabla sijafika hapo nilikuwa nimeshaumia. Mwaka 2019 nilimlipa fundi shilingi 4,500. Alijaza mashimo kwa bodifila, ule uji mzito wa kuzibia mabati ya magari, akapiga rangi nyeupe ikang'aa, nami nikamshukuru. Wiki ya tano, mama akiwa anakamua mashuka, kishikio cha mota ya kukamulia kiling'oka na kipande cha kitako. Mashine iliruka, ikapasua mpira wa maji, ikagonga ukuta. Mama hakusema neno. Aliketi kwenye kizingiti, akatazama maji yakienda uani, kesho yake akarudi kwenye karai akiwa na miaka 71. Nilipomwendea yule fundi ndipo aliponiambia niiuze kwa kilo. Mpaka leo nikilikumbuka lile karai, kifua kinanibana.

Bodifila haibebi uzito, wala rangi haibebi. Kitako cha mashine ndicho kinachoshika mota mbili na kuhimili mtikisiko wa pipa linalozunguka kwa kasi. Pale panatakiwa chuma.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa jua kali kule Shimanzi, nikamwomba anifundishe kuchomelea Jumamosi baada ya Jumamosi. Wiki za kupiga msasa na brashi ya waya sitazisimulia. Nitasimulia kosa langu. Nilikata kuzunguka shimo tu, nikaacha ukingo uliokuwa mwembamba kwa sababu niliuonea huruma. Moto ulipogusa, ukingo ukayeyuka. Shimo la ukubwa wa sarafu likawa la ukubwa wa kisahani. Mzee akanitoa kinyago usoni, akasema: "Mwanangu, huwezi kushona kiraka kwenye kitambaa kilichooza."

Basi gonga kwanza. Chukua nyundo ndogo upite kitako chote. Chuma kizima hulia. Kilichooza sauti yake ni butu, na ncha ya bisibisi inazama. Chora kwa chaki, kisha ukate vidole viwili nje ya chaki. Lakini kabla ya kukata, funga mbao mbili kwa bolti ili umbo lisicheze, na upime kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana, mashine itatembea sakafuni.

Kiraka changu ni bati la unene wa geji 16, vijiti vya kuchomelea vya milimita 2. Usivute mstari mmoja, bati litajikunja. Weka nukta upande huu, nukta upande ule, ngoja mpaka pawezekane kuguswa kwa mkono, ndipo uendelee. Mota, taima na kapasita (kile kidude kinachohifadhi umeme) vitoke kwanza, na kapasita usiiguse kabla haijamalizwa chaji. Bano la athi la mashine ya kuchomelea, lile la kurudishia umeme, lishike kipande kile kile unachokichoma, umeme usije ukapitia kwenye beringi. Na ukitumia bati lenye zinki, lisugue zinki yote kwanza ufanyie kazi nje. Mimi moshi wake ulinipa homa ya usiku kucha.

Baada ya hapo osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha juani, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori. Kutu nyembamba itageuka nyeusi. Penye magamba dawa haisaidii, nakwambia tena: kata mpaka ufike chuma kizima. Kisha redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili, rangi mara mbili, na matundu ya maji uyazibue. Mkunjoni nilisukuma grisi kwa mswaki, mbali na mipira ya mota kwa sababu mafuta huiharibu.

Jambo moja karibu linishinde. Nilipofunga kila kitu, waya wa athi wa mashine, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, niliukaza juu ya rangi mpya. Rangi haipitishi umeme. Laiti mota ingevuja, mwili wote wa mashine ungekuwa na umeme na mama mikono imelowa. Kwangua rangi pale mpaka bati ling'ae, kaza nati, pima kwa mita, ndipo upake grisi juu yake. Ndugu zangu, mzazi wako anakuamini anapotia mkono majini. Usifanye kazi hii kwa haraka ya kupiga picha.

Dada wa Malindi, leo usinunue chochote. Chomoa umeme, toa maji, ilaze kwenye godoro kuukuu ugonge kitako kizima. Penye kishikio cha mota nipigie picha karibu, mwanga utoke ubavuni. Mama ameketi hapa ananitaka nimsomee ninachoandika, anauliza kama mamako naye alikuwa akizitanguliza shuka.