Jani Jeupe Laungua, Jani Jipya Latoka Kijani

SWALI: Nina monstera (mmea wa ndani wa majani mapana) ya mabaka meupe, aina ya albo, yenye majani sita kwenye chungu cha sentimita 20. Iko sebuleni, mita mbili hivi kutoka dirishani, na kiyoyozi huwashwa kila usiku. Naimwagilia maji ya kisima kila siku ya tatu. Sehemu nyeupe zakauka kuanzia ukingoni na kuwa kahawia, na majani mawili ya mwisho yametoka kijani kitupu. Nifanyeje?
Msomaji, Kizingo

JIBU: Dada, hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza maji. Visima vingi vya kisiwani Mombasa vina chumvi. Mmea hunywa maji, chumvi ikabaki udongoni na kwenye kingo za majani, na sehemu nyeupe, ambayo haina umbijani (ile rangi ya kijani ya jani), ndiyo hufa mwanzo. Pitisha kidole kwenye mdomo wa chungu: ukikuta ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, basi ndiyo hiyo chumvi. Doa la chumvi ni kavu na huvunjika ukilikunja. Likiwa laini, jeusi, limezungukwa na umanjano, hapo shuku mizizi kuoza kwa maji mengi.

Peleka chungu bafuni ukimiminie maji matamu lita 15, polepole, yote yatoke chini. Usitie mbolea mwezi mzima, kwani mbolea nayo ni chumvi. Baada ya hapo tumia maji ya mvua, au tega ndoo chini ya bomba la kiyoyozi: yale yanayodondoka ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, hayana chumvi ya kisima. Yaache yapoteze ubaridi kwanza. Na habari ya kila siku ya tatu iache. Chomeka kidole udongoni sentimita 5. Kikitoka na unyevu, ngoja.

Kiyoyozi chenyewe hakina neno, mradi upepo wake usiupige mmea moja kwa moja. Mashine za kutoa mvuke waachie watu wa sehemu zenye hewa kavu. Hewa ya Mombasa inatosha.

Sasa ukijani. Mabaka ya albo hutokana na chembe hai nyeupe na za kijani kuishi pamoja kwenye shina moja. Za kijani hujitengenezea chakula, kwa hiyo hukua upesi na kuzizidi nyeupe. Sogeza chungu kwenye dirisha la mashariki, nusu mita tu kutoka dirishani, kipate jua mpaka saa tatu asubuhi. Jua la alasiri litaunguza weupe. Lakini mwanga pekee hautarudisha mabaka. Hapo ni kisu.

Futa kisu kwa spiriti, vaa glavu kwa sababu utomvu wake huwasha (watoto na paka wakae mbali). Fuata shina ukishuka kutoka juu. Kwenye kila kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina, pana jicho, kijivimbe kidogo. Tafuta kifundo cha karibu ambacho mstari mweupe wa shina unapita kando ya jicho, ukate sentimita 2 juu yake. Jicho likikaa kwenye weupe mtupu, lipite ushuke zaidi: chipukizi litatoka jeupe lote na kufa njaa. Kipande cha kijani ulichokata kitie kwenye maji kifundo kikiwa ndani. Kitaota mizizi, ila kitakuwa monstera ya kawaida.

Ukibadilisha udongo, changanya makumbi ya nazi mafungu mawili, kokoto ndogo mawili, makaa yaliyopondwa moja na mboji moja. Makumbi ya huku kwetu mara nyingi huwa yamelowekwa baharini, basi yaroweke kwenye maji matamu usiku kucha, umwage, urudie mara tatu.

SWALI: Nimeona mbegu za monstera ya albo zikiuzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Ninunue?
Msomaji, Likoni

JIBU: La. Mabaka ya albo hayapiti kwenye mbegu. Utaotesha ya kijani, kama zitaota. Nunua kipande cha shina chenye jicho na mstari mweupe, uombe picha ya shina lenyewe, si ya jani tu. Ukitaka isiyogeuka kijani ovyo, tafuta aina ya Thai Constellation, yenye madoa ya rangi ya malai, ambayo huzalishwa maabara.