Kipindupindu Kinapoingia Mtaani: Tuamini Lipi, Tuache Lipi?

Kila unapotangazwa mlipuko wa kipindupindu, hapa Tanga habari hutufikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja: gari la matangazo linalopita barabara hadi barabara likihimiza kuchemsha maji, na ujumbe wa sauti unaotumwa kwenye simu ukieleza kinga ambayo eti hospitali haziisemi. Mara nyingi ujumbe wa pili ndio unaosikilizwa zaidi, kwa sababu umetumwa na ndugu au rafiki, na sauti yake ni ya mtu anayeonekana kutujali. Katika shughuli zangu za kujitolea kwenye kamati ya afya ya mtaa huku Ngamiani, nimeona kwamba kubishana na uvumi mmoja baada ya mwingine ni kazi isiyo na mwisho, maana ukiuzima huu leo, kesho unazuka mwingine. Kilichonisaidia ni kuupima kila ushauri kwa swali moja: jambo hili linazuiaje kinyesi cha mgonjwa kisifike kinywani mwa mtu mwingine?

Najua swali lenyewe si la kuulizwa mezani, lakini ugonjwa huu hauna njia nyingine ya maana. Bakteria wake, Vibrio cholerae, humwingia mtu kwa kula au kunywa kitu kilichochafuliwa, hukaa kwenye utumbo, na dalili zikitokea hutokea kati ya saa chache na siku 5. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu, na bado kinyesi chao huweza kuwa na bakteria hao kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo kumwangalia mtu usoni na kusema "huyu mzima" si kinga. Wala hewa si njia yake. Mwaka 1854, daktari John Snow alipoonyesha kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja wa London walikuwa wakinywa maji ya pampu moja, watu wengi wa zama zake waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu, na imani hiyo ningali ninaikuta kwa watu wanaofunga madirisha na kufukiza ubani nyumba nzima. Ubani una harufu nzuri na sina ugomvi nao, ila haugusi ndoo ya maji, na hatari iko kwenye ndoo.

Kwenye maji ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi ninapopita nyumba kwa nyumba. Jambo la kwanza ninaloambiwa ni kwamba maji ya kisima cha hapa ni meupe, yamenywewa tangu enzi za babu, kwa hiyo ni salama. Weupe wa maji hauelezi chochote kuhusu bakteria, ambao hawaonekani kwa macho, na kisima kilichokuwa salama mwaka jana kinaweza kuchafuliwa na choo kilichojaa wakati wa mvua za masika. Jambo la pili ni la dawa ya klorini: kwamba imeletwa kufunga uzazi. Niliwahi kukaa barazani na bibi mmoja wa jirani ambaye alikuwa amezificha pakiti zote alizopewa, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeshazaa, lakini wajukuu zangu je?" Nilimjibu, "Bibi, hofu yako naielewa. Lakini dawa ya namna hii ndiyo inayotiwa kwenye maji ya bomba tunayokunywa siku zote, na mji huu haujaacha kuzaa." Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu alete ndoo.

Tuliitibu ndoo ile pamoja, na nitaeleza tulivyofanya, kwa kuwa wengi hukosea katika hatua ndogondogo. Maji yalikuwa na vumbi, basi tuliyachuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu ya klorini. Kisha tulisoma pakiti ili kujua kidonge kimoja ni cha lita ngapi, maana vidonge havilingani, tukakoroga, tukafunika, tukasubiri nusu saa kabla ya mtu yeyote kunywa. Harufu kidogo ya dawa inayobaki si sumu. Lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa kata ya kuchotea maji iliyokuwa sakafuni, ambayo kila mtoto aliyetoka kucheza aliichovya ndani ya maji hayo. Maji yaliyotibiwa huchafuka upya kwa mkono mmoja tu, na ndiyo maana nawasihi wenye uwezo watumie ndoo yenye koki, na wasio nayo wamimine maji badala ya kuchota. Anayechemsha naye asubiri maji yatokote kwelikweli walau dakika moja, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, asiyahamishie kwenye dumu ambalo halijaoshwa.

Barafu nayo inasahaulika. Mtu huchemsha maji yake kwa uangalifu, halafu mchana wa jua kali ananunua juisi ya ukwaju iliyopozwa kwa mapande ya barafu asiyojua imetengenezwa kwa maji gani. Ubaridi hauui bakteria wa kipindupindu.

Uvumi mgumu zaidi kuujibu ni ule wenye ukweli nusu, na mfano wake mkubwa ni ndimu. Ni kweli kwamba bakteria hawa hawapendi uchachu, na ndimu iliyotiwa kwenye chakula inaweza kuwapunguza. Lakini kutoka hapo hadi kukamua ndimu moja kwenye glasi ya maji ya kisima na kuyaita salama ni mwendo mrefu, kwa sababu hakuna anayejua uchachu umefikia kiasi gani wala umefanya kazi kwa muda gani. Endelea na ndimu yako kwenye samaki, ila samaki huyo aive hadi ndani na aliwe angali moto. Sikubaliani na wanaotaka watu waache kabisa samaki wa soko la Deep Sea au supu ya pweza, maana supu inayochemka si tatizo. Ninachokitilia shaka ni kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuachwa wazi, na sahani zote kusuuzwa kwenye beseni moja. Kuhusu kumeza tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kutoka duka la dawa ili ujikinge, jibu ni fupi: usifanye hivyo. Dawa hizo ni za wagonjwa walioandikiwa na daktari, na kuzitumia ovyo huwafanya bakteria wawe sugu.

Kuna imani moja inayoua kwa haraka kuliko zote, nayo ni kumnyima maji mtu anayeharisha ili "tumbo likauke". Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili maji na chumvi, na mtu aliyezidiwa anaweza kufa ndani ya saa chache, ilhali akitibiwa mapema, wanaofariki hawafiki 1 kati ya 100. Anza kumpa maji yaliyochanganywa na chumvichumvi za pakiti (ORS) palepale nyumbani, kidogokidogo hata kama anatapika. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, kisijae kupita ukingo. Yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Hayo yote yafanyike huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa, na mwenye swali anaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Lililobaki ni la msibani, na nalisema kwa heshima kwa kuwa linagusa dini na mila zetu. Maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu inaweza kuwachafua wanaoiosha, na baada ya mazishi watu hukaa pamoja na kula kwenye sinia moja. Familia imwite bwana afya kabla ya maiti kuguswa, ili maziko yafuate taratibu za dini huku waoshaji wakiwa wachache, wenye glovu, na wenye maji ya klorini ya kusafishia mahali na vifaa. Nguo na matandiko yaliyochafuka yasifuliwe mtoni wala karibu na kisima. Aliyeosha maiti au aliyemuuguza marehemu asiingie jikoni kupika wala kupakua chakula cha waombolezaji, na mlangoni pawekwe kibuyu chirizi na sabuni, au majivu pale sabuni inapokosekana, kila mtu anawe kwa maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula. Viongozi wa msikiti au kanisa wakitangaza hayo mapema, familia haitalazimika kuwakatalia wageni wake ikiwa katikati ya majonzi.