Shangazi, huko kwa mwanasaikolojia wanafanya nini hasa?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na wizara. Kwa miezi kadhaa sasa, nikipanda daladala ya Mtumba moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, naona kabisa nakata roho. Nimepima moyo, presha, sukari, vyote safi. Siku hizi naenda kazini kwa bajaji na mshahara unaishia humo. Daktari amenipa rufaa nikaanze tiba ya mawazo na tabia, ile wanayoiita CBT. Mama mkwe anasema ni majini. Mimi naogopa kuonekana Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na sitaki mtu anichokonoe mambo ya utotoni. Nitegemee nini? – Mama D, Ipagala*

Marahaba mwanangu, pole sana.

La utotoni liondoe kichwani. Tiba hii hushughulika zaidi na juzi na jana. Linaweza kuguswa kama linahusika, lakini atakachokuuliza sana mtaalamu ni: Jumanne, ndani ya daladala, ulikaa wapi, ulihisi nini kwanza, wazo gani likapita, ukafanyaje? Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeianzisha miaka ya 1960, aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo yanayopita haraka mno hata wenyewe hawayashtukii, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwazamisha.

Siku ya kwanza ni maswali na kujaza fomu, na usishangae ukitoka umechoka bila nafuu yoyote. Atakuuliza unataka nini kibadilike. Usijibu "nataka amani ya moyo". Mwambie unataka kupanda daladala hadi Mtumba bila kushuka njiani. Hilo linapimika. Baada ya hapo ni kama saa moja kwa wiki, kwa wengi mara kumi na kitu hivi. Bei na bima ulizia dirishani kabla hujaingia.

Halafu kuna kazi za nyumbani, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Wanadhani wanakwenda kupewa nasaha, kumbe wanapewa daftari. Utaandika hivi: "Saa 1 kasoro robo asubuhi, gari limejaa, tumekaribia Nanenane. Wazo: nitaanguka hapa, watu watanirekodi kwa simu. Naamini kwa asilimia 90." Chini yake unaandika ushahidi: limenipata mara ngapi, nimeanguka mara ngapi? Hakuna anayekulazimisha kuwaza mazuri, jamani. Unapima wazo lako kama karani anavyohakiki risiti, basi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hakuna atakayekuonya mapema. Kwa tatizo kama lako, huenda mtaalamu akakuambia ukimbie palepale ofisini, au uzunguke kwenye kiti hadi kizunguzungu kikushike, makusudi kabisa, moyo uanze kudunda. Si kichaa huyo! Moyo wako ukidunda unajiambia "nakufa", mwili unaogopa, moyo unadunda zaidi, unashuka garini, unapata nafuu, na ubongo unaandika kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Kesho unaogopa zaidi. Bajaji yako inalisha woga huohuo, pamoja na dereva wake. Dawa yake ni kukaa na ule mdundo hadi ushuke wenyewe, na huwa unashuka.

Kwa hiyo mtapanga ngazi. Pengine utaanza kwa kukaa kwenye daladala iliyosimama stendi, konda akiita abiria. Kisha kituo kimoja. Kisha hadi Nanenane. Mambo unayojihami nayo, kiti cha karibu na mlango, chupa ya maji mkononi, simu tayari kumpigia mumeo, atakuomba uyaache moja baada ya jingine. Katikati hapo utachukia, na wiki fulani utajiona umerudi nyuma. Mwambie mtaalamu, usimkimbie. Na kama daktari alikupa dawa pia, usiziache kienyeji.

Ukipita vikao vinne hivi bila lengo, bila kazi ya nyumbani, mnapiga soga tu, muulize mpango ni upi. Jibu lisipoeleweka, omba mwingine. Siri zako atazitunza, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Na ikitokea siku umefikiria kujidhuru, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mirembe ipo tangu 1927, na sisi Watanzania tumeifanya tusi la kutaniana. Ukikaa pale kliniki ya nje utaona walimu, madereva na watumishi kama wewe, kila mmoja akijifanya amemsindikiza ndugu. Atakayekuona naye ulimwona.

Mama mkwe usibishane naye. Dua ziendelee, haziingiliani na daftari. Mwambie tu Alhamisi saa 8 mchana una kliniki. Akiuliza kliniki ya nini, mwambie ya moyo kwenda mbio. Hujadanganya.