“Si” yangu haikani kila mahali

Swali la wiki lilikuwa hili: ni neno gani fupi linalogeuka maana kuliko mengine yote likitoka lugha moja kuingia nyingine? Nadhani wengi watapigia kura “mama” au “no”. Mimi nachagua “si”. Yapo mafupi mengine yenye maana nyingi, lakini hili lina ujeuri wa pekee: likivuka mpaka, hulikanusha hata lile lililokuwa likilisema kwao.

Chukua sentensi ya Kikroatia: Ti si učitelj. “Ti” ni wewe, na “učitelj” ni mwalimu. Mswahili akiachiwa abahatishe lililobaki, atasoma “wewe si mwalimu” bila kusita. Kumbe mwenzake amepewa cheo, hakunyang’anywa, kwa maana sentensi inasema “wewe ni mwalimu”. Kislovenia nacho kiko hivyo hivyo. Na ukitaka kukana katika lugha hizo mbili, unasema nisi, yaani “ni” na “si” zetu zimeshikana mikono kwa bahati tupu. Sijaona mtego wa lugha uliotegwa vizuri kuliko huu.

Lakini fundo lenyewe liko kwa watoto wa Kilatini. Kilatini hakikuwa na neno moja la kuitikia “ndiyo”. Aliyeulizwa “Umekuja?” alikirudia kitenzi, “Nimekuja”, au alisema sic, “hivyo”. Kando ya sic kulikuwa na neno jingine kabisa, si, lenye maana ya “kama” au “iwapo”. Karne zikapita, sic ikapoteza c yake, na maneno mawili yasiyo na undugu yakajikuta yamevaa sura moja. Kihispania huyatenganisha kwa alama ndogo juu ya herufi: Sí, si puedo ni “Ndiyo, nikiweza”. Kiitaliano nacho kina sì ya kukubali, kisha kikaongeza si nyingine isiyohusika na zote mbili, inayofanya kazi inayofanana na ya “hu-” yetu. Qui si mangia bene: hapa watu hula vizuri.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante, mshairi wa Kiitaliano, alizitenganisha lugha tatu ndugu kwa namna zinavyokubali: kuna wasemao oc, kuna wasemao oïl, na kuna wasemao sì, yaani Waitaliano. Oc ya kusini mwa Ufaransa ingali ndani ya jina la eneo la Languedoc, “lugha ya oc”. Oïl ya kaskazini ndiyo oui ya Wafaransa wa leo. Kwa kuwa kiti cha “ndiyo” kilikuwa tayari na mwenyewe, si ya Kifaransa ikapewa kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nilipende neno hili.

Mfaransa akiulizwa “Huji?”, naye anakuja, hawezi kujibu oui. Hujibu Si! Ni “ndiyo” ya kubisha, inayotumika pale tu mwenzako alipokwisha kukana nawe unamrudisha. Wajerumani wana doch kwa kazi hiyo hiyo. Sisi hatuna neno la namna hii, na sababu yake inaonekana ukisikiliza tunavyojibu. Mtu akiniuliza “Hukwenda?” nami sikwenda, najibu “Ndiyo, sikwenda.” “Ndiyo” yetu huthibitisha kauli ya muulizaji, iwe imekana au haikukana. Kama nilikwenda, basi ni “Nilikwenda” au “La, nilikwenda.” Wageni wanaojifunza Kiswahili hutatizika sana hapo, na siwalaumu.

Hata hivyo tusijione wasafi. “Si” yetu wenyewe haitulii. Katika methali “Kutoa ni moyo, si utajiri” inakana waziwazi, ikiwa imekabiliana na “ni” uso kwa uso. Ndani ya vitenzi hujipenyeza ikakana kimyakimya: sitaki, usiende, asiyejua. Halafu mtu anakuja na “Si nilikuambia!” Hapo hakuna kilichokanwa. Anayesema hivyo anathibitisha kwa nguvu zote kwamba alikuambia, na sasa anataka ukiri. “Si unamjua yule?” ni swali linalongoja “ndiyo”. Na wapo wasemao “Si twende basi”, ambapo “si” imekuwa ya kubembeleza. Mkroatia akituuliza ni vipi neno la kukana linaweza kuthibitisha, tutamjibu nini? Anayetaka mfano wa neno moja lenye maana zinazogombana hana haja hata ya kutoka nyumbani.

Kwengineko “si” haina habari na kukana wala kukubali. Kitagalogi cha Ufilipino huiweka mbele ya jina la mtu: Si Maria ay guro ni “Maria ni mwalimu”. (Masikini huyu mwalimu, kila mpaka anaovuka anaulizwa vyeti upya.) Kimalei na Kiindonesia nazo huitanguliza kwenye majina, mara nyingi kwa mazoea au utani, kama Si Kancil, yule mnyama mdogo mjanja wa ngano zao anayecheza nafasi ya sungura wetu. Kwa Waalbania si ni “vipi”, na Si je? ni “Hujambo?”

Kichina sanifu nimekiweka peke yake kwa sababu nina shaka kama kinastahili kuhesabiwa. Ukiandika kwa herufi za Kilatini, silabi si ikishuka kwa toni ni “nne”, ikizama kisha kupanda ni “kufa”, ikikaa juu bila kuyumba inaweza kuwa “hariri”. Nne na kifo kukaribiana hivyo ndiko kunakofanya majengo mengine yaruke ghorofa ya nne katika kuhesabu. Ila irabu hiyo si i yetu. Ni mvumo unaotoka ulimi ukiwa karibu kugusa nyuma ya meno, na mfumo wa pinyin, yaani wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, uliopitishwa mwaka 1958 uliuazima tu herufi i. Hapo macho yanaona neno moja, masikio hayakubali. Nakipa nusu kura.

Wanamuziki nao watadai si yao, noti ya saba baada ya do, re, mi, fa, sol, la. Inasemekana imetokana na herufi za mwanzo za Sancte Ioannes, Mtakatifu Yohane, kwa kuwa noti sita za awali zilichotwa na Guido wa Arezzo, mtawa na mwalimu wa muziki wa Italia, katika karne ya 11, kwenye wimbo wa kanisa wa mtakatifu huyo. Karne ya 19 mwalimu Mwingereza, Sarah Glover, akaifanya ti ili kila noti ianze na herufi yake pekee. Ndiyo maana wanakwaya wengi hawajawahi kuiimba si.

Najua atatokea msomaji wa kusema mfanano huu unaonyesha undugu wa kale uliofichika. Sikubaliani naye. Silabi ya konsonanti moja na irabu moja ipo katika kila lugha, na s na i ni miongoni mwa sauti zilizoenea mno. Maneno ya kisarufi nayo hutumika kila dakika mpaka yanalika. Ukiwa na silabi chache hivyo na lugha kama 7,000, kugongana ni lazima. Hata pale undugu ulipo kweli, si hii haiuthibitishi. Mzulu akisema Siyabonga, sikio la Mswahili hungoja kukanushwa, kumbe “si” yake ni “sisi”, yaani tunashukuru. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, lakini ushahidi uko kwenye umuntu na abantu kando ya mtu na watu, na mpangilio mzima wa ngeli unaofuata hapo. Anayeniletea silabi moja namwomba arudi na sarufi.

Lugha moja haitapiga kura kabisa. Kihawaii hakina sauti ya s, na Christmas ilipofika huko ikalazimika kuitwa Kalikimaka.